Neno Lililonikwama Chini ya Gurudumu

Eldoret, huku watu wanaita Sisibo

Kwa mke wangu Nekesa,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mume wako Barasa. Je, hujambo? Watoto wanalala vizuri? Mama kifua kimepoa? Mimi nipo, Mungu amenisaidia, lakini kusema ni mzima siwezi. Mwalimu, wewe unayemsomea barua hii, kama Mama amekaa hapo karibu, simama hapa, mwambie nimemsalimia sana. Mengine msomee Nekesa peke yake.

Nekesa, niliumia. Tulikuwa tunatoka Londiani na gari la maksai, tumebeba chumvi na mabati ya Kaburu wetu. Mvua ilikuwa haijakatika, na huko Timboroa matope yanashika mpaka goti, ukungu kila mahali. Gari ikazama. Nikainama kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, maksai wakarudi kidogo, gurudumu likanilalia mguu. Nililia kama mtoto, sikufichi.

Kaburu alikuwa ametangulia na farasi wake. Tulibaki sisi na watu wa gari lililotufuata. Wakafunga maksai wao mbele ya wetu ili wavute pamoja. Kumbe maksai wanajua sauti ya dereva wao tu! Huyu anapiga kelele huku, yule kule, wa mbele wanavuta, wa nyuma wamesimama. Gari ikapanda kidogo, kisha ikarudi tena juu yangu. Nekesa, nilisikia mfupa ukivunjika.

"Basi! Mtamuua!" Huyo alikuwa arap Chumo, dereva wa gari la nyuma, yule Mnandi niliyekwambia ni mchoyo wa tumbako. Akawaita wote, wakachutama kwa matope karibu na kichwa changu, wakaanza kubishana. Mmoja akasema tushushe mizigo kwanza. Mwingine akasema magogo yafuate gurudumu nyuma, lisipate nafasi ya kurudi. Mpishi wetu, ambaye hajawahi kushika mjeledi, akauliza, "Na nani anajua gurudumu linakwenda wapi? Si huyu aliye chini yake?" Hapo ndipo walipopatana. Mijeledi ikae chini. Watu wajipange kando ya maksai, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, maana kwa ule ukungu, wa mbele hawamwoni wa nyuma. Mimi nikisema "vuta", wabonyezane bega mpaka ishara ifike mbele, maksai wote waanze pamoja.

Walishusha magunia, wakakata magogo, wakajipanga. Wote wananingoja mimi.

Na neno likakataa kutoka. Niliwaza, Nekesa, likirudi tena nimekwisha, na watoto wangu ndio basi. Arap Chumo akaniambia, "Sema, ndugu." Wapi! Mdomo wazi, sauti hakuna. Basi akavua koti, akalala kwa matope kando yangu, akasukuma mguu wake chini ya gurudumu, karibu na wangu.

"Sasa tuko wawili," akasema. "Likirudi linatupata wote. Sema."

Alikuwa anatetemeka, nilisikia meno yake yakigongana. Nikasema.

Gari ikatoka. Wakanilaza juu ya magunia, wakanileta mpaka hapa hospitali.

Lakini mguu umekuwa mweusi, na unanuka. Dresa, huyu anayetufunga vidonda hapa, anasema daktari akija Jumatatu itabidi aukate chini ya goti, ama sumu ipande iniue. Jana wenzangu wote walikuja wakazunguka kitanda. Nilidhani watapata njia, kama siku ile. Walibishana sana, huyu anasema daktari akate, yule anasema asikate, mpaka arap Chumo akasema, "Hili si letu. Ni lako na mke wako." Wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyenitazama machoni.

Naogopa, mke wangu. Naogopa kisu, na naogopa kukikataa. Mwombe mzee wa kanisa aniombee. Nisalimie dada yangu mkubwa, na mjomba anayetutunzia ng'ombe, na watoto uwashike kichwa kila mmoja kwa niaba yangu. Mama mwambie nimeteguka tu.

Barua hii ikikufikia, Jumatatu itakuwa imepita. Kwa hivyo usijisumbue kuniambia nifanye nini. Niandikie tu kama utanipokea vile nitakavyokuja.

Ni mimi mume wako,
Barasa