Flopi Nne Nilizozing'ang'ania

Jumatano, wiki ya pili ya likizo ya Juni, 1996

Upepo wa ziwa umevuma tangu alfajiri, na mimi nimeamka na roho mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Likizo hii mimi na Kabula, ninayesoma naye darasa moja, tunasaidia kwenye ofisi ya utafiti wa samaki. Yeye amepewa kompyuta mpya. Rekodi za miaka ya karibuni zimo ndani ya mashine yenyewe. Akitafuta kitu, jibu linatokea kabla hajakaa vizuri. Mimi nina kompyuta ya zamani na sanduku la flopi, zile diski ndogo zenye rekodi za miaka ya nyuma. Naingiza moja, nasubiri, natoa, naingiza nyingine.

Likizo ikiisha, mmoja wetu ataendelea kuja kila Jumamosi kufundishwa kompyuta.

Mmoja tu.

Mtu akija na swali, Bwana Masalu, mkuu wa ofisi, anatugawia wote wawili kwa pamoja, kila mtu atafute upande wake. Kabula anamaliza, anasifiwa, anaanza kuchora maua kwenye daftari. Leo kaniuliza, "Dada, humo umeweka mahindi? Mbona inasaga tu?" Ofisi nzima imecheka. Na mimi nimecheka, kwa mdomo.

Sasa niseme lililo moyoni.

Tangu Jumatatu najua dawa. Maswali mengi yanarudi kwenye flopi zilezile nne. Mashine ya Kabula haiwezi kubeba sanduku zima, lakini hizo nne zingeenea. Zingenakiliwa kule, majibu yangetoka upesi, na mimi ningebaki na flopi ambazo hakuna anayeziulizia.

Nikanyamaza.

Leo alikuja mzee kutoka Ukerewe, anataka habari za sangara wa mwalo wao, pale wanaposhushia samaki, za miaka yote. Kabula alimaliza zamani. Mimi nilikuwa kwenye ya tatu kati ya zile nne meli yake ya kurudi ilipopiga honi. Mzee akasema, "Basi, mwanangu, nitalala mjini. Kesho saa mbili nitarudi."

Aliyebaki kunisaidia kuzipanga flopi ni Kabula. Hajui ninachokijua.

Kesho nitampelekea zile nne mwenyewe, na Bwana Masalu nitamweleza kwa nini nilichelewa kusema.

Jumamosi zikienda kwa Kabula, nitaweza kumpongeza kwa moyo mweupe? Sijui bado.

Mzee atafika saa mbili. Mimi nitafika saa moja.