Raba Nne za Shokomzoba

Busia,
14 Machi, 1966

Kwa dada yangu mpendwa Syprose,

Salamu za upendo zikufikie huko Nakuru, wewe, shemeji na watoto. Huku watoto wangu ni wazima, nami mwili hauna neno, ila moyo umechafuka. Je, kile kikohozi chako kilipona? Barua yako ya Januari niliipata, nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira zangu unazijua.

Dada, nilishikwa na wivu. Usicheke. Unakumbuka nilivyokuuma mkono kwa ajili ya rinda la Krismasi? Ule ulikuwa mchezo.

Rasto hupeleka samaki wakavu Tororo kila Alhamisi kwa pikapu yake. Zamani alirudi saa nane mchana. Tangu Krismasi akawa anarudi jua likizama, na nikimuuliza anasema barabara ni mbaya. Mwezi uliopita jirani yangu Nanjala, anayeuza chumvi soko la Tororo, akaniambia amemwona mume wangu amempakia mwanamke kiti cha mbele. Nikamuuliza ni mwanamke gani. Akasema uso hakuuona, maana alijifunika leso kichwa kizima, amegeukia dirishani, amejibana mlangoni kama mtu anayetaka kuruka. Mwanamke anayejificha, dada. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Basi shokomzoba za mbele za pikapu, zile zinazozuia gari lisidunde, zikafa, na ya kushoto ndiyo iliyotangulia. Rasto akasema ni kwa sababu magurudumu ya kushoto hukanyaga mashimo ya kando ya barabara. Mimi nikajiambia huo ni uzito wa yule mwanamke. Nilikwisha kumchora akilini, mnene, mwenye mwanya, na nikauchukia hata huo mwanya.

Jumanne iliyopita Rasto akaja na shokomzoba mpya, akasema atazibadilisha mwenyewe hapa nyumbani, tena lazima kazi iishe kabla ya Alhamisi. Hiyo haraka ndiyo iliyoniua. Mimi mke wake nimerushwarushwa katika gari hilo miaka miwili, tena nikiwa na mimba, wala sikununuliwa hata mto wa kukalia. Akainua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akatoa magurudumu. Nati za juu zilikuwa zimeshika kutu, akazimwagia mafuta ya taa. Kisha akaniita nishike chuma cha juu kwa koleo kisizunguke pamoja na nati. Nilishika, dada. Mikono imejaa grisi, namtengenezea kiti mwanamke mwenzangu.

Upande wa kulia tuliumaliza siku hiyo. Jumatano asubuhi akatoa ile ya kushoto, akatafuta raba nne mpya, zile zinazokaa kati ya chuma na chuma. Hazikuonekana. Alipekua hadi kwenye majivu ya jikoni. Za zamani zilikuwa zimesagika, na bila raba shokomzoba haifungiki. Alhamisi akaondoka hivyo hivyo, upande wa kushoto hauna kitu, pikapu inadunda. Nilisimama nikaitazama, nikafurahi. Nikasema leo huyo bibi ataijua barabara.

Jioni nikasikia gari. Nikatoka, nikamwona ameketi mbele, amejifunika, amejibana mlangoni, na kati yake na Rasto limesimamishwa gunia la mihogo. Amemleta mpaka nyumbani kwangu. Nikafungua mlango, nikaivuta ile leso kwa nguvu zangu zote.

Dada, alikuwa Mama.

Unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai benchi moja wala hawatazamani usoni. Mama ana uvimbe tumboni. Rasto alipita nyumbani kwake Kiyeyi kumwachia samaki mwezi wa Desemba, akasikia kutoka kwa majirani kwamba hainuki. Tangu hapo humpeleka Tororo kila Alhamisi kudungwa sindano. Huko nyuma ya gari maumivu yalimzidi, ikabidi akae mbele. Wakaona haya, wakaweka gunia katikati, wakaapa kutomwambia mtu. Alhamisi hiyo gari lilimrusha hata akatapika. Walikwenda polepole sana, wakamkuta daktari ameshaondoka, na sindano akaikosa. Rasto hakuthubutu kumrudisha kwa njia mbovu ya Kiyeyi. Sasa amelala kwa Nanjala, kwa kuwa chini ya paa la mkwe wake amekataa kuingia.

Nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Zile raba nilizificha mimi, katika debe la dagaa wa omena. Ijumaa nikazitoa, nikajifanya nimeziokota chini ya kiti cha gari. Rasto akazipokea, akazinusa, akanitazama kidogo. Kisha akalala chini ya gari, akaniomba nishike koleo.

Wivu nao haujaisha, ila umehama. Miezi mitatu Mama alikuwa anaumwa, siri yake akaijua mkwe asiyeweza hata kumtazama, nami niliyenyonya ziwa lake nikafichwa. Hilo linaniuma kuliko huyo mwanamke mwenye mwanya.

Njoo, dada, usingoje Pasaka. Nisalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama anakutakia heri, ingawa hataki ujue kwamba anaumwa. Alhamisi hii gunia nitalishusha, nikae katikati yao mimi mwenyewe.

Ndimi mdogo wako,
Anjeline