Jogoo au Mtetea

Jumatatu, 3 Machi
Mwisenge. Nimesahihisha madaftari ya biolojia mpaka mkono umekufa ganzi. Huntha: kiumbe mwenye viungo vya uzazi vya kiume na vya kike pamoja, kama konokono. Darasa karibu lote limepata. Sijamaliza, mdogo wangu Wambura akapiga simu. Mke wake, Esta, amejifungua hospitali ya Bunda. Nikauliza, wa kiume au wa kike? Akashusha sauti: "Dada, manesi wanasema ni huntha." Neno la konokono, kwa mtoto wetu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda Bunda mwenyewe. Daktari kasema neno hilo kwa binadamu wameliacha, halimfai. Hakuna mtu anayezaa pande zote mbili kama konokono. Mtoto mzima, ananyonya, maumbile yake tu hayajaeleweka. Vipimo vitafanyika, haraka hakuna. Sasa nani aliwatuma manesi kulitangaza wodi nzima? Nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Nyamuswa, kwa Wambura. Kwetu anayekuja kumwona mtoto wa kiume analeta jogoo. Wa kike, mtetea. Ndiyo supu ya mzazi. Majirani wamekuja mikono mitupu, eti hawajui walete yupi. Esta anakunywa uji mweupe na kulia. Upuuzi mtupu! Tumbo la mzazi linauliza kuku gani? Afadhali nilibeba samaki, sato.

Wambura hajamshika mtoto hata mara moja. Anasema Esta arudi kwao Bugwema. "Dada, si tulikuwaga na mbuzi wa hivyo? Hakuzaa, hakupanda. Tulimfanyaje?" Tulimchinja. Nikamwambia huyu si mbuzi, ni mwanao. Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nimembeba mgongoni huyu Wambura akiwa mchanga. Leo nilitamani kumchapa fimbo.

Mama anawatupia kuku wake mahindi uani, kama hayamhusu. Na yeye ananiudhi.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kanisani. Mama kaja na kuku wake wawili, jogoo na mtetea, kawafunga miguu kwa kamba moja. Kampa Wambura kisu. "Chinja. Mke wako ana njaa."

Kachinja wote.

Jioni Esta alikuwa anakunywa supu, kashika bakuli kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa mapajani kwa baba yake. Wambura hakuniangalia. Alikuwa anamfukuzia nzi.