Baba, Gemu Letu Lilikuwa Refu Mno

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia Jumapili alasiri. Ukungu umeshuka Mbeya mpaka hatuoni paa la jirani, na mama yuko jikoni anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, kama kawaida yake. Hii ndiyo hali ya hewa uliyokuwa ukiiita ya gemu. Ungekuwepo ungeshavua viatu, umejifunga shuka mabegani, unaniuliza, "Binti, yule bwana tulimwacha wapi?"

Yule bwana alikuwa mpanda farasi wa kwenye gemu letu, mwenye kazi moja tu duniani: avuke nchi nzima ya milima, afike kwenye mlango ulioko juu kabisa, aufungue. Basi. Vijana wa kibanda cha gemu pale Mwanjelwa walilimaliza kwa likizo moja ya shule. Sisi tulichukua miaka, na wa kulaumiwa ni wewe.

Wewe, Mhehe wa Iringa, hukuweza kumpita mtu bila kumsalimia, hata awe mtu wa kwenye televisheni. Kila kijiji tulichoingia ulishuka kwenye farasi. Muuza mikate, mlinzi wa lango, bibi anayesokota uzi kizingitini, wote uliwasogelea, ukabonyeza kitufe cha kuongea, na kabla hawajafungua mdomo ulishawatangulia: "Kamwene!" Mimi nikawa mkalimani wa Kiingereza chao. Bibi akisema mbuzi wake amepotea, safari inasimama, tunatafuta mbuzi. Nikakuambia hao watu hawajui kama umewasalimia au umewapita. Ukasema, "Wao hawajui, ila wewe unaniona."

Tulibishana sana juu ya urefu wa lile gemu. Mimi nilipenda mafupi. Mechi ya mpira kibandani, dakika chache umeshinda au umefungwa, unatoka nje juani na maisha yanaendelea. Nilikuambia watengenezaji wa magemu marefu wanavuta tu muda: vijiji vinafanana, mbuzi ni wale wale. Na bado nasema hivyo, usidhani nimelainika. Wewe ulisema gemu fupi ni mgeni anayeaga akiwa bado amesimama. Hapo mama anapita na sufuria: "Baba Neema, mlango wa choo unaning'inia tangu Pasaka, wewe unatafuta mlango wa kwenye televisheni!" Tulicheka mpaka mpanda farasi akatumbukia mtoni.

Halafu lori lilikuita. Ulibeba karatasi za kiwanda cha Mgololo kwenda Dar, ukarudi na mzigo mwingine wa Tunduma, ukalala nyumbani siku mbili tatu na kuondoka tena. Tulikuwa na sheria yetu: ukiwa safarini, yule bwana hasogei. Niliiheshimu. Nilikuwa nawasha tu, namtazama amesimama kando ya moto tulipomwacha, farasi akitikisa mkia, kisha nazima. Baada ya muda vitu vikaanza kuchanganyikana kichwani mwangu. Ukungu wa kule kwenye gemu ukawa ukungu wa huku kwetu. Niliota unateremka mlima Kitonga juu ya farasi, marobota ya karatasi yamefungwa nyuma, na magari yote yanakupisha taratibu bila kupiga honi.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakubana. Kwa nini hutaki tufike? Uliweka chini padi ya kuchezea. Ukasema, "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalikimbilia lori. Siku hizi unasema shikamoo, unarudi chumbani. Hili likiisha, utanisubiria nini?" Nilichukua padi nikamgeuza yule bwana, nikampeleka kwenye kijiji ambacho hata hakikuwa njiani kwetu, na wewe ukajifanya hukuona.

Baada ya hapo ukaugua, ukataka kutibiwa Iringa, karibu na ndugu zako. Nilipokuja kukuona uliniuliza tumebakiza nini. Nikasema mlango tu.

"Basi umalize."

"Nakusubiri urudi nyumbani."

"Usinisubiri, Neema. Maliza, halafu uniambie kuna nini huko ndani."

Tulikuzika huko kwenu. Mimi nikarudi Mbeya, na kwa zaidi ya mwaka sikuweza. Nilikuwa nawasha, namtazama pale mbele ya mlango, nazima. Niliona kama nikiufungua nitakuwa nakuzika tena, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili iliyopita mama alitoka jikoni akifuta mikono, akakaa kwenye kiti chako. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Akasema, "Haya, fungua tuone." Nikaweka kidole kwenye kitufe. Akanishika mkono. "Ngoja kwanza. Mlikopita ni wapi? Miaka yote hiyo nilikuwa nawasikia tu mkicheka."

Basi nikamrudisha yule bwana nyuma. Nilimwonyesha mama daraja, msitu wenye theluji, na mto ule alimotutumbukiza yeye. Alikuwa anainamia kioo na kusema polepole, "Ee Kyala, Mungu wangu, kumbe ni kuzuri hivi." Aliuliza kila kitu. Mwanamke aliyetusimanga kila siku kwamba gemu haliishi, sasa ananiambia nisiende haraka. Jioni ikaingia chai ikiwa imepoa, tukapanda mlima, na yeye ndiye aliyebonyeza.

Uliniagiza nikuambie. Nyuma ya mlango kuna bonde la nyasi lenye jua, baba. Yule bwana anavua kofia yake ya chuma, anaketi, muziki unapigwa, basi. Ni kafupi mno, hata maji ya chai hayachemki. Mama akasema, "Ndiyo hivyo tu?" akaanza kulia, nami nikalia. Tangu uondoke tulikuwa tunalia kila mtu kivyake, yeye jikoni, mimi chumbani. Siku hiyo tulilia kwenye kochi moja.

Kuhusu magemu sijabadilika, yawe mafupi. Wewe ndiye niliyetaka uwe mrefu. Lala salama, baba yangu. Nimemaliza kama ulivyoniagiza, na leo ndiyo mara ya kwanza nakiri kwamba hutarudi.

Binti yako,
Neema