Programu Ilimvua Bi Mwanaesha Kipini

Jumatano. Adhuhuri imepita, alasiri bado. Joto limekaba na upepo umegoma, na mimi sikai.

Nimeosha kikombe kimoja mara tatu. Nimeshuka ngazi nikafika mpaka barabara ya mbele, nikakumbuka sina la kununua, nikarudi. Kompyuta iko wazi mezani, na kwenye kioo zipo picha mbili za mwanamke mmoja. Kila nikipita nageuza uso kama mtoto aliyevunja sahani.

Wacha niandike. Labda nikiandika nitatulia.

Mzee Bwana Shee amevuka bahari mpaka Mokowe, upande wa bara, leo asubuhi. Kutoka hapo ni basi mpaka Mombasa, na kesho, inshallah, anafanyiwa operesheni ya moyo. Juzi alikuwa amekataa katakata kwenda. Sababu ni mimi.

Haya, nimelisema.

Kwa asiyenijua: mimi hupiga picha harusi za wanawake, hapa Amu, yaani Lamu, na visiwa vingine. Siku ya wanawake mabuibui huvuliwa, nywele hufumuliwa, na simu zote hutiwa kikapuni mlangoni. Anayeingia na kamera ni mmoja tu, naye ni mimi. Wananiamini. Tangu jana neno hilo linanichoma.

Mwezi uliopita nilikuwa kisiwani Pate, harusi ya mjukuu wa Bi Mwanaesha, mkewe Bwana Shee. Nyumba za mawe mnazijua, chumba cha ndani hakina dirisha, alasiri yake ni sawa na usiku. Katikati ya vugo, ile ngoma ya wanawake, umeme ukakatika. Nani asimame? Zikaletwa taa mbili za betri, kina mama wakaendelea kugonga pembe zao na kuimba kama hakukutokea kitu. Flashi siitumii, kwa sababu kina mama wazee hufumba macho na picha hutoka kama ya kitambulisho. Basi nikaipandisha ISO, nikaipandisha tena, mpaka elfu kumi na mbili na ushei.

Ukiipandisha hivyo kamera inaona gizani, lakini picha inajaa chenga, kama televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni. Katika chenga hizo nilimpata Bi Mwanaesha akicheka. Kichwa amekirudisha nyuma, mkono uko mdomoni, piko nyeusi imekolea vidoleni. Nimempiga picha mara nyingi yule bibi na sijawahi kumpata hivyo.

Wiki iliyopita yeye na mumewe wakaja Amu, kwa binti yao mtaa wa Mkomani, kusubiri siku ya safari. Bwana Shee akaniagizia jambo moja: picha ya mkewe, ya kwenda nayo hospitali. "Si ya kitambulisho," akasema. "Yule mwenyewe."

Nikajua ni ile ile. Na nikaona haya kumpa mzee picha yenye chenga. Ndivyo nilivyo. Naogopa sana mtu kusema kazi yangu chafu.

Ninayo programu ya akili bandia inayosafisha chenga. Inafanya kazi humu humu kwenye kompyuta, haihitaji mtandao, kwa hiyo sura za watu hazitoki chumbani kwangu. Hilo ndilo nililokuwa nikijisifia, kwamba mimi ni mwangalifu. Nikaisukuma nguvu yake mpaka mwisho, nikaenda kutia chai. Niliporudi chenga zimeyeyuka zote. Ngozi laini, leso laini, ukuta laini. Nikasema mashallah. Nikachapisha, nikatia fremu, Jumatatu nikaipeleka mwenyewe. Bwana Shee alikuwa amelala, nikamwachia binti yake, nikarudi nyumbani najiona fundi.

Sikuangalia.

Jana asubuhi mlango ukagongwa. Bi Mwanaesha, peke yake, ana fremu chini ya buibui. Hakukaa. Akaiweka mezani, akaniambia, "Mwanangu, umenitia edani."

Wallahi sikuelewa. Nikatazama picha, nikamtazama yeye. Picha, yeye. Ndipo nikakiona kile kipini puani mwake, cha dhahabu, kidogo kama punje ya mtama. Kwenye picha hakipo. Pua imesafishwa, laini kama ya mtoto. Programu ilikuta punje moja inayong'aa katikati ya chenga elfu zinazong'aa, ikahesabu nayo ni chenga, ikaifuta.

Mtu wa bara atasema, kipini tu, kuna nini? Mwanamke wa Pate wa rika la Bi Mwanaesha alitogwa pua akiwa msichana, na kipini chake anakivua akifiwa na mume. Miezi minne na siku kumi ya eda hana dhahabu, hana wanja, hana udi. Wanaomjua wakimwona pua tupu hawaulizi, wanampa pole. Mimi nimezaliwa hapa hapa, nimekua naziona pua hizo. Lakini mimi sikutogwa, wala wenzangu wa rika langu hawakutogwa, na jicho langu lilipita pale bila kusimama.

Mzee wa watu alifungua fremu akakuta mkewe ni mjane, na tena anacheka!

Bi Mwanaesha alinieleza polepole, bila kunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Bwana Shee aliitazama kitambo. Kisha akaigeuza ikatazama ukuta. Akamwambia mkewe, "Nishaona nitakavyokuwata mjane. Siendi." Hakula. Amesoma, anajua fali, kusoma heri na shari kwenye ishara, si jambo la kuamini, na mkewe alimkumbusha. Akajibu kwamba anajua, lakini haendi. Na daktari alishasema ule moyo haungoji.

Nikamwomba anipe mpaka adhuhuri.

Sasa nije kwenye ujinga wangu wa pili, maana shajara bila ukweli ni ya nini. Nilikuwa bado nataka picha iwe safi. Badala ya kurudi kwenye picha ya asili, nikaiambia ile ile akili bandia imrudishie kipini. Ikampa. Jiwe jeupe kubwa, na mnyororo mpaka sikioni, kama bibi harusi wa filamu za Kihindi. Nikajaribu tena, ikampa pete ya puani. Astaghfirullah. Bibi wa miaka sabini na kitu! Nilicheka peke yangu, halafu nikajikuta ninalia.

Picha ya asili nilikuwa nimeshaifuta kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo kawaida yangu, nikishasafisha nafuta, kwa sababu nafasi haitoshi. Za harusi ile nimefuta karibu zote. Ilibaki kadi yenyewe, ndani ya kamera, na kamera ilikuwa mkobani tayari kwa kazi ya Ijumaa. Kadi ningeifuta Alhamisi. Nikaichomeka kwenye kompyuta.

Alikuwemo. Chenga zake zote, na katikati ya chenga, puani, ile punje. Ukiitazama vizuri haifanani na chenga hata kidogo. Chenga zimetapakaa ovyo, hii imekaa mahali pake.

Sikugusa kitu. Nikachapisha hivyo hivyo, chenga tupu, nikaitia kwenye fremu ile ile, nikatoka mbio na jua la saa sita, punda wananipisha.

Bwana Shee alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, kama mtu aliyegombana na chumba. Nikasema, "Baba, makosa yalikuwa yangu. Mkeo hakuvua kitu." Nikampa.

Akaileta karibu na jicho lake moja linaloona vizuri. Moyo wangu mimi ndio uliotaka daktari.

"Na hivi vidude vidude ni nini?"

"Ni chenga, baba. Kulikuwa na giza."

"Ni kweli," akasema. "Hata kwetu wanaume taa zilizima."

Akapitisha kidole juu ya kioo mpaka kikafika puani. Kikasimama hapo. Akamwambia mkewe, bila kumtazama, "Huyu ndiye. Haya, nifungia mzigo wangu. Ndia ya Mombasa ni ndefu."

Hilo tu. Hakuniambia nimesamehewa, wala hakuniambia sikusamehewa.

Leo asubuhi nilikwenda gatini kuwaaga. Fremu imefungwa kwa leso, Bwana Shee ameikumbatia mwenyewe, hataki mtu amsaidie. Bi Mwanaesha alinivuta kando kabla ya kushuka botini. Akanong'ona, "Usiku kucha nimekishika." Akagusa pua. Kisha akashuka.

Watu wanasema jambo limekwisha vizuri. Limekwisha wapi? Operesheni ni kesho. Na kuna picha karibu mia mbili za harusi ile nimeshawapa wenyewe, safi, laini, na sijui ndani yake nimemvua nani nini. Wiki hii nitaitoa kadi ile nizipitie moja moja, na nitakaowakuta nimewakosea nitawapelekea za asili mlangoni. Hilo nimeliamua. Ile kadi haifutwi tena.

Lakini si hilo linalonizungusha nyumba nzima tangu asubuhi. Ni hizi mbili hapa mezani. Bi Mwanaesha mwenye kipini anacheka. Bi Mwanaesha asiye na kipini anacheka. Nimejiambia hizi ni picha, mimi si mganga, kalamu ya Mungu haifuati kompyuta yangu. Nimejiambia mara tatu, nikaenda kuosha kikombe.

Sasa hivi nimeifuta ile safi. Nikafungua na pipa la taka, nikaifuta na humo. Nikaizima kompyuta nikaiwasha tena, kuhakikisha.

Imebaki moja.

Alasiri inaadhiniwa. Nakwenda kutawadha, na dua yangu leo ni fupi. Ya Rabbi, asikivue.