Hadassa Hakufungua Zile Picha

Rughenda, Butembo
Tarehe 14, mwezi wa tano 2024

Mupendwa yaya Élisée, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Abigaïl, huko Lubumbashi. Mugongo unaendeleaje? Nilisikia kazi ya mizigo kwenye dépôt inakuinamisha tangu asubuhi, ujipumzishe kidogo. Na baridi, imeshaanza kwenu? Umwambie Abigaïl avae vizuri, maana kifua chake nakijua.

Huku tuko bazima. Mvua inanyesha kila mangaribi, matope imejaa mpaka kwa mulango. Bwana yangu Lusenge amerudi jana toka Kyavinyonge na samaki yake ya kuuza. Jino tu ndilo linamusumbua, na kwa muganga hataki kwenda.

Najua Hadassa alikupigia simu akilia, na kisha ukanipigia mara nyingi bila mimi kupokea. Simu haikuwa mbovu, yaya. Niliogopa sauti yako. Mutoto wako ulimuweka mikononi mwangu ili amalize masomo, na mimi nikamuaibisha bure. Basi unisome mpaka mwisho.

Unakumbuka ordinateur uliyotuachia, ile uliyowekea Linux. Uliiwekea pia ile extension ndogo ya kuzuia matangazo ya internet. Tangu hapo tulikuwa tunafungua kila kitu bila kuona takataka, mpaka nikasahau kama kuna kitu kinachotulinda.

Siku moja ya Jumamosi, machine ikaomba mise à jour, kujifanya mupya. Chungu cha sombe kilikuwa motoni, nilikuwa na haraka. Nikabonyeza oui, oui, mpaka ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nilipofungua navigateur ya kuingilia internet, kulitokea maneno mekundu juu ya extension. Sikuyasoma. Nikafunga, nikarudia sombe yangu.

Kesho yake, kisha culte ya kanisani, bamama ba chorale bakakuja kwangu kutafuta wimbo wa Pentekoste. Nikafungua machine mbele yabo. Hata wimbo haujatokea, kioo kikajaa picha za banamuke uchi, na muziki wa matangazo ya pari, ile kamari ya feza, ukipiga kelele. Mama Bénite, mukubwa wa chorale, akafunika macho na kitambaa. Nikifunga moja, zinafunguka zingine mbili.

Haya ilinipanda kichwani. Mwenye kutumia ile machine kila siku ni Hadassa, juu ya examen d'État ya kumaliza masomo. Nikamwita toka jikoni, bamama bote bakisikia.

— Hizi ndizo unaangaliaka wakati tunalala?

— Tantine, hapana! Mimi nafungua tu items, maswali ya examen.

— Funga kinywa! Baba yako alikuacha huku usome, hakukuacha ujifunze uchafu.

Alisimama tu pale, mikono ingali na unga, machozi yakimushuka. Mimi nikachukua chargeur, nikaifungia kabatini.

Asubuhi nikakuta kitanda chake kimetandikwa vizuri na yeye hayuko. Alikuwa amepanda taxi kwenda Beni, kwa mama yetu. Ile barabara unaijua, na hatari yake. Mpaka mama aliponipigia kusema mutoto amefika, simu haikutoka mukononi mwangu. Mais hata hapo, moyo wangu mugumu ulisema: ni kosa lake ndilo limemukimbiza. Nikamuacha kule, masomo yakimupita.

Kisha nikahitaji ile machine mimi mwenyewe, kutafuta dawa ya mabaka inayokula majani ya maharagi kwenye shamba letu la Kasugho. Tangu Hadassa aende, hakuna mutu aliyeigusa. Picha zikatoka zilezile. Kwenye ukurasa wa maharagi, yaya!

Nikamupigia Edmond, rafiki yako anayefundisha informatique. Swali lake la kwanza:

— Mulifanya mise à jour?

Nikamwambia ndiyo, siku moja mbele ya picha kutokea.

Akaniongoza polepole. Tulizima machine na kuiwasha, haikusaidia. Tukafungua compte ya Lusenge, ambayo Hadassa hajui neno lake la siri: huko pia matangazo ni yaleyale. Donc haikuwa kitu alichofungua mutu. Edmond akasema niingie mahali pa extensions. Ile yako ilikuwa pale, mais imezimwa, na chini yake kumeandikwa kwamba haipatani na navigateur mupya. Nikaitoa, nikaweka ingine mupya ya batengenezaji balebale, nikangojea ipakue liste za matangazo ya kuzuia, kisha nikafunga navigateur na kuifungua tena. Ukurasa wa maharagi ukatokea safi, maandishi tu na picha ya jani. Nilipaswa kufurahi. Nililia.

Nikaenda Beni. Hadassa nilimukuta nyuma ya nyumba, anachambua muchele pamoja na mama. Nikakaa chini kwenye mukeka wabo, nikasema yote, nikaomba musamaha. Hadassa aliendelea kuchambua. Mama ndiye alijibu:

— Ulimutukana mbele ya batu, sasa unamuomba musamaha nyuma ya nyumba?

Hiyo neno ilinikata. Tukarudi Butembo bote bawili, na nikaita tena bamama ba chorale, bote balioona. Nikabaelezea mbele ya Hadassa kwamba kosa ni langu, mutoto hana kitu. Mama Bénite akainamisha kichwa, akasema yeye alikuwa ameshalipeleka lile neno kwa majirani. Ameahidi kupita nyumba kwa nyumba kulirekebisha. Anapita kweli, nimemuona. Mais kuna basichana ba masomo bangali banacheka Hadassa akipita.

Yeye aliniambia mangaribi ile, tukiwa sisi wawili tu:

— Tantine, nimekusamehe. Mais ungeniuliza kwanza.

Amerudia masomo, anakula, anasaidia kazi. Lakini ordinateur hagusi. Nikimuletea, anasema «bado kidogo», kisha anaenda kusomea makaratasi kwa rafiki yake Bénie. Simulazimishi.

Yaya, nakuomba kitu kimoja. Umupigie. Usimwambie anihurumie, na usimwambie asahau. Umwambie tu kwamba wewe, baba yake, hata siku moja hukuamini kwamba alizifungua.

Umusalimie sana Abigaïl, na batoto, Ézéchiel na Kavira. Mama anakusalimia toka Beni, Lusenge naye. Mungu abafunike usiku na muchana, na akuongoze katika kazi yako. Wasingya, asante sana.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda hata akiwa na haya ya kukutazama,

Mariette