Kioo cha Duka la Musa

Shamim mjukuu wangu,

Mbale tuko salama, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume. Unauliza kwa nini kioo chako kinapasuka tanurini. Unafungua mapema, mama.

Vita vilipopita Jinja, tulimzika kaka yangu Musa. Madirisha ya duka lake yalikuwa vigae vya kioo barabarani. Mama alikuwa mfinyanzi. Alivitwanga kama karanga, akakanda na uji wa muhogo, akajaza kalibu ya udongo yenye umbo la kibao cha kaburi. Tukachoma. Moto ulipokufa akaziba mlango wa tanuri kwa tope, lipoe taratibu.

Askari wakaja kutafuta mali ya wizi.

"Fungua!"

"Afande, ni ya kaburi ya mtoto yangu. Ngojea kesho ipoe."

Askari mmoja akaupiga teke mlango wa tanuri. Upepo ukaingia, tukasikia kioo kikipasuka.

"Hakuna kitu hapa," akasema, wakaondoka.

Mama hakulia. Alikusanya vipande, akaomba kinu.

Kibao kilicho kaburini kwa Musa ni cha pili. Cha Mama, kando yake, nilikichoma mimi. Nilikaa nimeegemeza mgongo mlangoni pa tanuri mpaka tope likapoa.

Jaja wako,
Hadija